Boya Namba Saba: Limo, Lakini Halipo

Mama Taa hakuwa mtu wa kuona kinyaa. Kwa miaka thelathini na mitatu alikuwa amekwangua kinyesi cha ndege kilichoganda juu ya maboya kama chokaa, amechokonoa chaza waliooza ndani ya pete za minyororo, na siku moja aliutoa kwa mkono mtupu mzoga wa ndege uliokuwa umekwama nyuma ya kioo cha taa wiki nzima. Aliutupa majini, akanawa, akakaa palepale kwenye sitaha ya boti na kula chakula chake cha mchana. Wenzake wawili walitapika kwa niaba yake.

Kwa hiyo mumewe, ambaye ni kinyozi na amezoea kuosha mikono kila baada ya kichwa kimoja, alishangaa jioni ya Jumatatu moja kumkuta kwenye karo la jikoni akisugua vidole kwa lile jiwe la kusugulia nyayo.

"Umeshika nini leo?" alimuuliza.

"Kalamu."

"Kalamu gani hiyo ya kuoshwa kwa jiwe?"

"Nimetia sahihi, Baba. Mara ya pili. Nimeandika kwamba boya namba saba lipo."

"Na halipo?"

"Limelala uani, nyuma ya karakana, watu wanalitupia maganda ya machungwa."

Kinyozi alifunga bomba, akampa taulo. Alimjua mkewe. Akisema kitu namna ile, kwa sauti ya chini na midomo iliyokunjamana kama aliyeonja maziwa yaliyoganda, humharakishi. Unamngoja amalize mwenyewe. Naye alimalizia mezani, akiwa amesukuma sahani pembeni: "Nanuka, bwana. Nasikia kabisa kwamba nanuka."

Aliingia katika kazi hiyo akiwa na miaka kumi na tisa, si kwa kuipenda bali kwa sababu karakana ya alama za bahari ilihitaji mtu wa kufuta vioo vya taa. Msimamizi wa zamani, mtu mfupi mwenye masikio makubwa, alimwona anafuta kioo kimoja kwa robo saa nzima na kukiinua juani kutafuta alama ya kidole. Akamwambia aache kitambaa, achukue bisibisi. Kwake msichana huyo alijifunza kufungua taa, kuunga nyaya, kupaka rangi chuma chenye kutu, kusoma maji ya kujaa na ya kupwa, na kupanda juu ya boya linaloyumba bila kumshika mtu mkono. Jina la Mama Taa lilianza kama dhihaka ya wanaume wa karakana, kabla hajawa mama wa mtu yeyote. Alipojifungua mtoto wa kwanza, dhihaka ilikuwa imekwisha, jina likabaki.

Msimamizi yule aliacha sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Hakuna kutia sahihi ya boya ambalo hujalipiga kofi. Kila mwezi mkaguzi alilazimika kufika, kunyoosha mkono, na kulipiga boya kofi la kiganja kizima, ndipo ajaze fomu. Kwa lugha ya karakana, "kulipiga kofi" kulimaanisha kukagua. Fomu nyingi za zamani zina doa la chumvi pembeni, mahali kidole gumba kilichokuwa na maji ya bahari kilipoishika karatasi. Fomu yenyewe ilikuwa fupi: namba ya boya, tarehe, kisha maneno mawili, *lipo* na *halipo*, na maelekezo ya kukata lisilohusika.

Boya namba saba lilikuwa na kazi kuliko mengine yote. Lilielea ubavuni mwa mwamba ambao watu wa bandari waliuita Jino, kwa kuwa ulisimama peke yake katikati ya maji ya kina kirefu, mwembamba na mkali. Maji yakijaa, Jino halikuonekana kabisa. Yakipwa kwa bamvua, pale bahari inapojivuta hadi mwisho wake, lilibakiza nusu mita tu chini ya uso wa maji. Meli zilizoingia zilijua jambo moja: liache boya namba saba mkono wa kushoto, upite karibu nalo, na Jino litakuwa upande wa pili wa boya likikutazama bila kukuuma.

Kisha dhoruba ilikata mnyororo. Boya likaokotwa pwani, likaletwa uani, na Mama Taa akaanza kuandaa mnyororo mpya. Hapo ndipo alipoitwa ofisini kwa Mkuu wa Kitengo.

Wafanyakazi walimwita mkuu huyo Bwana Slaidi, maana hata salamu aliweza kuionyesha ukutani kwa picha. Ofisi yake ilikuwa na zulia, na kwenye kona palikuwa na kichupa kilichojipuliza chenyewe kila baada ya dakika kumi na kutoa harufu ya tunda ambalo hakuna mti unaolizaa. Harufu hiyo ndiyo iliyomfanya Mama Taa, aliyekula mbele ya mizoga, avute pumzi kwa mdomo.

"Hatulirudishi," alisema Bwana Slaidi. "Tunaweka boya pepe."

Akaeleza, na maelezo yake, lazima isemwe kwa haki, yalikuwa sahihi. Meli kubwa hubeba mtambo wa utambulisho, ambao kila baada ya sekunde chache hutangaza kwa mawimbi ya redio jina la meli, mahali ilipo na kule inakoelekea. Meli nyingine huyaona hayo yote kwenye skrini. Sasa mnara wa nchi kavu unaweza kutumia mawimbi yaleyale kutangaza, "Hapa pana boya namba saba." Kwenye skrini ya nahodha itatokea alama ya almasi, hata kama majini hakuna kitu.

"Na nahodha akichungulia dirishani?" aliuliza Mama Taa.

"Hataona kitu, Mama. Ndiyo maana ya pepe."

Nyuma ya Mama Taa alikuwa amesimama Serangi, mzee aliyeendesha boti ya kazi na ambaye hakujua kunong'ona. "Hilo si boya pepe," alisema. "Hilo ni boya hewa. Kama wale wafanyakazi hewa, majina yamo orodhani, viti havijawahi kupata joto."

"Mzee, usiwe boya," alisema Bwana Slaidi, akacheka peke yake.

"Bora niwe mimi, angalau naonekana."

Mama Taa hakuwa adui wa mitambo. Yeye mwenyewe ndiye aliyefunga vitoa ishara juu ya boya namba tatu na namba tano, maboya ya chuma yenye taa yanayojitangaza pia hewani, na alijivunia kazi hiyo kama mtu aliyemfundisha mtoto bubu kusema. Alijua pia kwamba almasi ya hewani hufaa sana pale meli inapozama ghafla na mahali pakahitaji alama kabla boti haijafika. Hakuchukia almasi. Kilichomchafua moyo ni karatasi. Mwisho wa mwezi fomu ilikuja ileile, na Bwana Slaidi akamnyooshea kalamu.

"Kata *halipo*," alisema.

"Lakini halipo."

"Lipo kwenye mfumo."

"Mkuu, kilichomo ndani ya kitu tunasema kimo. Hili limo. Limo kwenye kompyuta. *Lipo* ni mahali unapoweza kuweka kidole."

"Mama, tusifundishane sarufi. Kuna watu wanasubiri ripoti."

Mwezi wa kwanza alitia sahihi kwa sababu alikuwa amechoka, mtoto wa bintiye alikuwa na homa, na alitaka kwenda nyumbani. Mwezi wa pili alitia sahihi kwa sababu alikuwa ametia mwezi wa kwanza. Hilo la pili ndilo lililompeleka kwenye jiwe la kusugulia nyayo.

Asubuhi ya Jumanne alimkuta Serangi akinywa chai gatini.

"Twende tukalikague namba saba."

Serangi alimtazama juu ya kikombe. "Tukalikague kwa macho gani, dada yangu? Ya rohoni?"

"Wewe washa boti."

Boti ya kazi ilikuwa na skrini ndogo iliyopasuka kona moja, lakini ilipokea ishara vizuri. Almasi ya zambarau ilionekana, nadhifu, na namba saba kando yake. Serangi aliendesha taratibu mpaka alama ya boti na almasi zikalaliana. Akazima injini. Walikuwa juu ya maji matupu ya kijani. Mfuko wa plastiki ulipita, umevimba, umebeba kitu cheusi ndani yake ambacho hakuna aliyetaka kukijua.

"Tumefika," alisema Serangi. "Haya, lipige kofi."

Mama Taa hakucheka. Alikuwa ameshusha timazi, kamba yake yenye risasi ya kupimia kina, na kamba ilikuwa inaendelea kwenda. Mita kumi. Kumi na nne. Kumi na nane.

"Serangi, ubavuni mwa Jino pana kina gani?"

"Boya lilikuwa kwenye mita sita, saba hivi. Unalijua kuliko mimi."

"Hapa ni kumi na nane."

Wote wawili waliinua vichwa kwa pamoja. Maji yalikuwa yanakaribia mwisho wa kupwa. Upande wa mashariki, mbali kidogo, bahari ilikuwa inachemka mahali pamoja, kiduara cha maji yanayojizungusha kama sufuria iliyoanza kupata moto. Jino lilikuwa kule. Wao walikuwa nyuma yake. Almasi ilikuwa imeuruka mwamba na kwenda kukaa upande wa pili, hivi kwamba meli itakayoiacha mkono wa kushoto na kupita karibu nayo, kama zilivyofunzwa zote, ingelipanda Jino kifua wazi.

Serangi alitoa tusi moja refu ambalo halina haja ya kuandikwa.

Mama Taa alifungua daftari alilonakilia mahali pa kila boya kutoka rejista ya karakana. Akasoma mstari wa namba saba, akasoma skrini, akasoma tena daftari. Kwenye longitudo rejista ilisema dakika kumi na mbili na sekunde thelathini. Skrini ilisema dakika kumi na mbili nukta thelathini. Alikaa chini juu ya kamba zilizolowa.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo na la kijinga. Dakika za ramani, kama dakika za saa, zina sekunde sitini. Sekunde thelathini ni nusu dakika. Mtambo haukutaka sekunde, ulitaka nukta, na nusu huandikwa nukta tano. Mtu alikuwa amechukua thelathini na kuipachika baada ya nukta bila kufikiri, sawa na mtu anayeambiwa saa moja na nusu akaandika moja nukta tatu. Tofauti ilikuwa sehemu mbili za kumi za dakika. Majini, hiyo ni mita mia tatu na sabini.

"Miezi miwili," alisema. "Na mimi nimetia sahihi."

"Lakini hakuna meli iliyogonga."

"Meli kubwa zote hupandwa na rubani wa bandari, naye analijua Jino kama ukucha wake. Anayeingia bila rubani ni ile ya abiria tu."

Meli ya abiria ya pwani iliruhusiwa kuingia yenyewe kwa kuwa ilipita mara kwa mara. Nahodha wake wa zamani alikuwa amestaafu. Huyu mpya alikuwa na miezi miwili tu, na alisifika kwa kufuata skrini kama kipofu anavyofuata fimbo. Mpaka wiki ile meli hiyo ilikuwa inaingia wakati wa maji kujaa tu, kwa sababu gati lake lilikuwa na kina kifupi. Ilihitaji mita tatu na nusu za maji, na maji ya kujaa juu ya Jino yalikuwa mita nne na nusu. Kwa miezi miwili abiria wamepita juu ya Jino kwa nafasi ya mita moja, wakila karanga. Lakini gati jipya lilikuwa limekamilika. Alhamisi hiyo lingefunguliwa rasmi mbele ya wageni kutoka makao makuu, na meli ingefika saa tano asubuhi kwa ratiba mpya, isiyongoja maji. Na Alhamisi saa tano, kwa bamvua ile, juu ya Jino pangebaki nusu mita.

Mpishi wa meli hiyo alikuwa mdogo wake Mama Taa, wa tumbo moja.

Jumatano asubuhi alisimama juu ya zulia akiwa na viatu vya majini, akamweleza Bwana Slaidi yote kwa utaratibu, na kumwekea mbele daftari. Kichupa cha kona kilipuliza tunda lake. Bwana Slaidi alisoma, na Mama Taa aliona waziwazi, kwa jinsi shingo ilivyobadilika rangi, kwamba ameelewa. Na akaelewa naye kwamba aliyepachika ile thelathini alikuwa Mkuu mwenyewe.

"Nukta ni nukta," alisema Bwana Slaidi, akijitia hamnazo.

"Mkuu, saa moja na nusu huiandiki moja nukta tatu."

"Sawa. Sawa, tutaangalia. Ijumaa."

"Meli inaingia kesho."

"Mama, nisikilize kwa utulivu." Aliegemea mbele, sauti ikawa laini, ya kupaka mafuta. "Nikibadilisha sasa, mfumo unaandika wenyewe tarehe na saa ya marekebisho. Kesho nawaonyesha wageni ripoti ya miezi miwili bila hitilafu hata moja. Unataka waone nini? Kwamba tulikuwa tumelala? Sahihi yako imo humo pia, usisahau."

"Sijasahau. Na watu walio ndani ya meli?"

"Nahodha ana macho."

"Mlisema macho hayahitajiki tena."

"Ijumaa, Mama. Asubuhi na mapema."

Alitoka bila kuaga. Uani alisimama kando ya boya lililolala. Mtu alikuwa amemwaga mabaki ya mchuzi ndani ya kizimba cha taa, na nzi walikuwa wamejaa. Alifikiri juu ya uozo wote aliowahi kuushika, na hakukumbuka hata mmoja uliokuwa umepulizwa manukato.

Jioni alimpigia simu mdogo wake.

"Dada, niko jikoni, sema haraka, kitunguu kinaungua."

"Mwambie nahodha wenu alama ya namba saba kwenye skrini imekosewa. Apite mbali, upande wa mashariki."

"Mimi nimwambie? Haya, ngoja." Palisikika mlango, hatua, sauti za mbali. Baada ya dakika chache alirudi. "Amesema mpishi aonje chumvi, ramani amwachie yeye. Na amesema kama kuna kasoro, bandari ingetangaza rasmi."

"Kesho usiende kazini."

"Dada, leo tunalala bandari ya mbele, kesho tunaondoka alfajiri. Nitakaa wapi, gatini? Na hao abiria nao uwaambie wasiende kazini?"

*Bandari ingetangaza rasmi.* Maneno hayo yalimkaa Mama Taa kichwani. Nahodha alikuwa mjivuni, lakini kwa hilo hakukosea.

Ilikuwapo njia moja rasmi isiyopita kwenye zulia. Fomu ya hitilafu, ikiwa na sahihi ya mkaguzi na muhuri wa chumba cha redio, ilipaswa kusomwa hewani saa inayofuata bila kungoja idhini ya mtu. Sheria hiyo ilikuwapo kwa sababu boya lililopotea halingoji mkuu arudi kutoka mkutanoni. Alhamisi, chumba cha redio kilipofunguliwa kabla ya saa nne, Mama Taa alisukuma mlango wake. Ndani alikaa Sauti, mtangazaji mnene mwenye vikohozi, ambaye watu walisema angeweza kumtuliza nahodha mlevi kwa neno moja.

Sauti alisoma fomu, akavuta miwani. "Mama, hapa pana machaguo matatu tu. *Limezimika, limehama, halipo.* Wewe umetia alama kwenye *limehama*. Boya lisilo na mnyororo limehamaje?"

"Limehama kwa kalamu. Mita mia tatu na sabini, magharibi."

"Unanichekesha na asubuhi hii."

"Hapana, baba. Meli ya abiria iko saa moja kutoka Jino."

Sauti aliacha kutabasamu. Aliitazama saa ya ukutani, akatazama simu ya mezani iliyokuwa na namba ya Bwana Slaidi, akashika muhuri. "Nikipiga muhuri huu, mimi na wewe tutakula sahani moja."

"Nimekula vibaya zaidi."

Muhuri ukapigwa. Saa nne kamili sauti yake ikaenda hewani, taratibu, mara mbili: meli zote zizingatie kwamba boya pepe namba saba limehama na halionyeshi mahali pa Jino, zisilitumie, zipite mashariki. Kisha akaita meli ya abiria kwa jina lake. Akaita tena.

"Bandari, nimesikia," ilijibu sauti yenye kiburi. "Lakini skrini yangu haionyeshi hitilafu yoyote. Alama ipo."

Mama Taa alichukua kipaza sauti bila kuomba. "Nahodha, ninayesema ni mkaguzi. Alama haipo, imo. Imo kwenye skrini yako tu. Mimi nimesimama mahali hapo kwa boti nikapima mita kumi na nane. Nakusihi, ukifika, acha skrini, chungulia dirishani. Maji yamepwa, utaliona."

Hakujibiwa. Kwa robo tatu ya saa walimtazama kwenye skrini ya Sauti, pembetatu ndogo yenye jina ikijongea kuelekea almasi, moja kwa moja, kama aliyevutwa kwa kamba. Sauti alikohoa.

Saa tano kasoro dakika kumi pembetatu ilipunguza mwendo. Ikasimama karibu kabisa. Kisha pua yake ikageuka kulia, polepole, ikaendelea kugeuka.

"Bandari." Kiburi hakikuwapo tena. "Naliona. Povu jeupe, mbele yangu kabisa. Nilikuwa naenda juu yake. Nina abiria mia mbili na kumi."

"Pita mashariki, nahodha," alisema Sauti kwa upole. "Polepole."

Dakika kumi baadaye simu ya Mama Taa ililia. "Dada," alisema mdogo wake, "umemfanya nini nahodha wetu? Amekuja jikoni mwenyewe kuomba maji. Amekunywa vikombe vitatu, hakuniangalia usoni." Akacheka, kisha kicheko kikamkatikia katikati.

Bwana Slaidi aliingia akiwa na tai, anahema. Mtu alikuwa amemnong'oneza. Hakumtazama yeyote, alivuta kibodi ya Sauti, akafuta thelathini, akaandika tano. Almasi iliruka ikatua ubavuni mwa Jino. Ilimchukua muda mfupi kuliko wa kufunga kamba za viatu.

"Mnaona?" alisema, akijifuta paji. "Ni kubonyeza tu."

Mama Taa alikitazama kidole chake juu ya kibodi. Alikuwa amejiandaa kwa hasira ya mkuu huyu, hata kwa kufukuzwa. Hakuwa amejiandaa kwa wepesi wa kile kidole. Watu mia mbili na kumi, na mdogo wake kati ya vitunguu, walikuwa wameachwa wangoje Ijumaa kwa ajili ya kitu kama hicho.

Mchana, gatini, wageni walipokwisha kupiga makofi, Bwana Slaidi aliwaeleza jinsi kitengo chake kilivyogundua tofauti ndogo na kuisahihisha papo hapo kwa uwezo wa mfumo mpya. Akamwita Mama Taa mbele, akamsifu kwa uzalendo na uzoefu wake, akamvisha kilemba cha ukoka mbele ya kamera. Mkono aliompa ulikuwa na jasho na manukato. Mama Taa aliushika kama alivyoshika mizoga, kwa muda unaohitajika, kisha akauachia.

"Sasa fomu," alinong'ona Bwana Slaidi baadaye, nyuma ya mahema, akimnyooshea karatasi mpya. "Ili faili liwe safi. Mahali ni pake sasa. Kata *halipo*."

"Sijalikagua."

"Nimekuonyesha kwenye skrini!"

"Nitakuletea jioni, Mkuu. Na nitaandika pia kwamba zile mbili za kwanza nilizitia bila kwenda. Wakiniuliza aliyenipa kalamu, nitawaambia."

Bwana Slaidi alifungua mdomo, akaona mgeni mmoja anawasogelea, akaufunga na kutabasamu.

Serangi alikuwa amekwisha washa boti. Maji yalikuwa yanaanza kujaa. Walifika mahali almasi ilipokuwa sasa, Mama Taa akashusha timazi, na risasi ikagonga chini kwenye mita saba. Magharibi kidogo ya hapo povu la Jino lilikuwa linapungua na kufunikwa. Juu ya maji hapakuwa na rangi, wala taa, wala kengele. Mvuvi asiye na skrini angepita akiimba.

"Enhe?" aliuliza Serangi. "Sasa lipo?"

Mama Taa alitema mate majini, upande wa chini ya upepo.

"Halipo," alisema. "Ila sasa angalau halipo mahali pake."

Akakata neno *lipo* kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika chini yake kina, saa, na maneno matatu ya ombi: *boya lirudishwe, tafadhali*. Kisha akamwambia Serangi ageuze boti waende kwenye namba nane, ambalo lilikuwa halijakwanguliwa tangu mwezi uliopita na lilikuwa linanuka vibaya sana.